Disiki haijai ghafla: fasi ya kazi kubwa itengwe kabla ya kuanza

BUKAVU, Kivu Kusini. – Msimu wa harusi ukifika, vijana wanaopiga video hupanda na kushuka vilima vya Ibanda, Kadutu na Bagira na kamera mabegani, tangu asubuhi hadi usiku. Wengi wanaijua kazi yao. Wanajua mwanga, wanajua mahali pa kusimama kanisani bila kumziba padri, wanajua hata namna ya kumwomba mama mkwe asogee kidogo bila kumkasirisha. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wao hawaliangalii: saa ile wanapoanza kumwaga picha ndani ya kompyuta, kompyuta hiyo imebakiza fasi ngapi, na fasi hiyo ni ya nani.

Matokeo yake yanajulikana. Kazi inaanza vizuri, ule mstari wa kijani unasonga, halafu katikati kinatokea kidirisha kinachosema disiki imejaa. "Papa, mashini imekataa, fasi imeisha," kijana anamwambia mwenye harusi. Naye anajibu kama ambavyo mzazi yeyote angejibu: "Mwanangu, jana si uliniambia fasi iko?" Na kweli, jana fasi ilikuwako. Kijana hakudanganya. Aliona giga 90 zimebaki, akahesabu kwamba kazi yake inataka giga 80, akalala usingizi. Usiku ule kompyuta ikapakua masasisho yake, ndugu yake akahamisha picha za simu, programu ya kuhariri ikajaza mafaili yake ya muda, na asubuhi zilikuwa zimebaki giga 60.

Hayo hayapati wapiga video peke yao. Yanapata redio ndogo za kijamii zinazorekodi mijadala ya saa tatu. Yanapata parokia zinazotaka kuhifadhi vitabu vya zamani vya ubatizo kwa kuvipiga skana. Yanapata sekreteriya za kando ya barabara ambako wanafunzi wanapeleka vitabu vyao vya kumaliza masomo siku mbili kabla ya kuvitetea. Na kila mara jibu linalotolewa ni lile lile: nunua disiki kubwa zaidi. Jibu hilo linawapendeza wauza disiki, lakini halitoshi. Disiki ya tera moja ambayo kila programu inajichotea inavyotaka itajaa kama ile ya giga 500. Tofauti ni miezi tu. Kinachokosekana ni desturi ya kutenga fasi kabla ya kazi kubwa, na kuiheshimu ikiisha kutengwa.

Hesabu kwanza, maana bila hesabu hakuna cha kutenga. Sauti ya kawaida ya studio, ile ya WAV yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili za kushoto na kulia, inakula baiti 176,400 kila sekunde. Kwa saa moja hiyo ni karibu megabaiti 635. Redio inayorekodi matangazo yake yote mchana na usiku kwa namna hiyo inahitaji zaidi ya giga 15 kwa siku, na kwa siku 30 karibu giga 457. Yaani disiki ya giga 500 inatimiza mwezi mmoja na kidogo, ikiwa haina kitu kingine ndani. Redio hiyo hiyo ikirekodi kwa MP3 ya kilobiti 128 itatumia chini ya giga moja na nusu kwa siku. Kati ya njia hizo mbili kuna tofauti ya mara kumi na moja, na mkubwa wa studio ndiye anayepaswa kuchagua, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kumlaumu fundi.

Kuna mtego mwingine hapo ambao watu wa redio wanaujua kwa machungu. Programu ya Audacity, ambayo iko karibu kila mahali kwa sababu hailipiwi, kwa kawaida yake inarekodi kwa biti 32 wala si 16. Saa moja ya njia mbili inakuwa giga 1.27, mara mbili ya ile WAV itakayotoka mwishoni. Tena kila ukikata, ukiongeza sauti au ukisafisha kelele, programu inaweka hali ya zamani pembeni ili uweze kurudi nyuma. Mazungumzo ya saa mbili yaliyohaririwa jioni nzima yanaweza kumeza giga nyingi ambazo hakuna aliyezipanga. Haki isemwe: wakati wa kurekodi programu hiyo inaonyesha chini ya dirisha muda uliobaki kwenye disiki. Iko hapo mbele ya macho, lakini ni nani anayetazama chini wakati mgeni wa heshima anazungumza?

Video ni mzigo mwingine kabisa. Kamera inayoandika megabiti 24 kwa sekunde inatoa giga 10.8 kwa saa. Ile ya megabiti 50 inatoa giga 22.5. Harusi ya saa nane kwa kamera mbili za megabiti 50 ni giga 360, kabla ya kuhariri lolote. Na vitabu vya parokia? Ukurasa mmoja wa A4 uliopigwa skana ya rangi kwa nukta 300, bila kubanwa, ni megabaiti 26 hivi. Kitabu cha kurasa 400 ni zaidi ya giga 10, na kabati lenye vitabu kumi limepita giga 100. Wanaoanza kazi kama hiyo kwa kompyuta yenye giga 40 zilizobaki wanajitafutia matatizo, hata kama nia yao ni njema.

Jambo jingine la hesabu linalowachanganya wateja sokoni Kadutu: disiki iliyoandikwa giga 500 kwenye boksi inaonyesha 465 ndani ya Windows. Muuzaji hakuiba kitu. Kiwanda kinahesabu giga kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu baiti 1,073,741,824. Ugomvi wa giga 35 unaisha hapo. Lakini anayepanga kazi ahesabu kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, la sivyo atapungukiwa bila kujua sababu.

Sasa, kutenga ni nini hasa? Anayesafiri kwa mtumbwi wa mota kwenda Idjwi anaelewa bila kufundishwa. Mama anafika mapema, anaweka kapu lake kwenye benchi, halafu anarudi ufukweni kununua mikate. Kapu halijakaa kama mtu, lakini fasi imeshikwa. Anayekuja nyuma anaona na kutafuta kwingine. Asiyeweka kapu anaona benchi tupu kwa mbali, anaenda zake kuzungumza, na akirudi anakuta watu watano wamekaa. Ile "fasi iliyobaki" ambayo kompyuta inaonyesha ni benchi tupu kwa mbali. Kila programu inaiona na kila programu ina haki ya kukaa.

Mifumo ya kompyuta ina njia ya kuweka kapu, na si ya jana. Katika miaka ya 1960, kwenye mashini kubwa za IBM zilizotumia mfumo wa OS/360, mtu hakuweza kuunda faili la kawaida kwenye disiki bila kutaja kwanza ukubwa wake: kiasi cha kuanzia, na kiasi cha kuongeza kikipungua. Faili likipita kiasi hicho kazi ilikatwa, na mafundi wa mashini hizo hadi leo wanaikumbuka alama ya B37 kama watu wengine wanavyokumbuka ugonjwa. Ulikuwa usumbufu mkubwa. Ndiyo maana Unix ilipotoka Bell Labs mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 ikiwaachia watu faili linalojikulia lenyewe kadiri linavyoandikwa, wengi walishukuru. Windows na Mac nazo zinamwachia mtumiaji vivyo hivyo. Uhuru huo ulikuwa mzuri kwa barua na hesabu za duka. Lakini ulizaa vizazi vya watumiaji ambao hawajawahi kuulizwa hata siku moja: kazi yako itataka fasi ngapi? Kwa mtu anayerekodi saa nane mfululizo, swali lile la IBM lilikuwa swali la haki.

Kwenye Linux, kapu linaitwa fallocate. Wito huo uliingia katika kiini cha Linux toleo la 2.6.23, mwaka 2007, na mfumo wa mafaili wa ext4 ulijengwa ukiwa nao. Ukiandika fallocate -l 20G na jina la faili, giga 20 zinakuwa zako mara moja, bila kungojea disiki iandike sifuri giga 20 nzima. Mfumo unaandika tu kwenye daftari lake kwamba vipande fulani vina mwenyewe na bado havijaandikwa. Kama fasi haitoshi, unaambiwa papo hapo kwamba haitoshi. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Jibu la "hapana" saa mbili asubuhi kabla ya misa halifanani na jibu la "hapana" saa tano, bibi harusi akiwa amesimama mbele ya altare.

Kwenye Windows kuna amri ya fsutil file createnew, ambayo inataka jina na ukubwa kwa baiti. Giga 20 inaandikwa 21474836480, namba mbaya ya kukariri, lakini inabandikwa ukutani mara moja na kazi inaendelea. NTFS nayo inashika vipande bila kuviandika, na anayesoma faili hilo kabla halijajazwa anapewa sifuri tupu. Mac ni chache hapa. Inatosha kusema kwamba mfumo wake wa APFS, uliokuja kwenye kompyuta hizo mwaka 2017, unaruhusu sehemu moja ya disiki ipewe kiasi cha akiba ambacho sehemu nyingine haziwezi kukigusa.

Zile sifuri si mapambo. Vipande vinavyotengwa mara nyingi vilikuwa na mafaili ya mtu mwingine yaliyofutwa, na kufuta hakuondoi yaliyoandikwa, kunaondoa jina tu kwenye daftari. Kama mfumo ungetoa fasi bila kuficha yaliyomo, mteja wa leo wa sekreteriya angeweza kusoma barua ya mteja wa jana: tamko la urithi, cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti. Kwenye Windows kuna njia ya kuruka ulinzi huo kwa ajili ya haraka, na hazina kubwa za data zinaitumia, lakini inadai ruhusa maalumu ya msimamizi. Inafaa iendelee kudai. Wauza disiki za mkono wa pili wangefanya vizuri kulifikiria jambo hilo pia, lakini hilo ni shauri la siku nyingine.

Faida ya pili ya kutenga mapema iko kwenye disiki za kuzunguka, ambazo bado ndizo nyingi kwa sababu ya bei. Mafaili mawili yanayoandikwa kwa wakati mmoja yanaweza kuingiliana, kipande cha hili, kipande cha lile, na baadaye kichwa cha disiki kinaruka huku na huku kutafuta. Video inakwama-kwama ikichezwa, na mteja anafikiri kamera ni mbovu. Faili lililotengewa fasi yake kwa mkupuo mmoja mara nyingi linapata vipande vilivyopangana. Kwenye disiki za SSD suala la kichwa halipo, ila nazo zikikaribia kujaa kabisa zinapunguza mwendo.

Hapa mafundi wengi watainua mkono. Watasema: programu nyingi za kurekodi hazijui kuandika ndani ya faili lililotengwa, zinaunda faili lao wenyewe kutoka mwanzo. Ni kweli, na anayedhani kwamba fallocate peke yake itamwokoa atashangaa. Programu za kupakua kama qBittorrent zina kisanduku cha kutenga fasi ya mafaili yote kabla ya kuanza, na hazina za data kama PostgreSQL zinatayarisha daftari lake la mabadiliko kwa vipande vya megabaiti 16, lakini kinasa sauti cha kawaida hakijali.

Kwa kazi za namna hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kimaskini na inafanya kazi: unaunda faili la kushika fasi, giga 100 kwa mfano, na unalifuta dakika tano kabla ya kuanza, baada ya kuzima masasisho na kumwambia kila mtu aondoe simu yake kwenye mashini. Faili hilo dogo la pembeni, hata la giga 5 tu, lina kazi nyingine pia: disiki ikijaa usiku na kompyuta ikikataa hata kuwaka vizuri, unalifuta na unapata pumzi ya kupanga mambo. Njia ya pili ndiyo bora: kugawa disiki tangu mwanzo, sehemu moja ya mfumo na programu, sehemu nyingine ya rekodi peke yake. Masasisho hayatavuka ukuta huo. Mafaili ya muda hayatavuka, alimradi programu haikuelekezwa huko kwa mkono. Anayeanzisha studio leo na kuacha disiki nzima kuwa sehemu moja anaweka jikoni, chumba cha kulala na duka katika chumba kimoja, halafu analalamika kwamba bidhaa zinanuka moshi.

Ugomvi mkubwa zaidi kati ya vijana wa kompyuta mjini ni juu ya fasi ambayo mfumo wenyewe unajitengea. Kwenye Linux, disiki ya ext4 ikitayarishwa kwa kawaida inaweka asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi peke yake. Kwenye disiki ya tera moja hiyo ni giga 50. Windows 10, kuanzia toleo la 1903 la mwaka 2019, ilianza kujiwekea akiba ya karibu giga 7 kwenye kompyuta mpya kwa ajili ya masasisho na mafaili ya muda. Vijana wanaoonyeshana ujanja wanakimbilia amri ya tune2fs -m 0 upande mmoja, na amri ya DISM upande wa pili, ili kurudisha fasi hiyo. Wanajisifu kwamba wamempa mteja giga za bure.

Si za bure. Kwenye disiki yenye mfumo wa Linux, asilimia ile 5 ndiyo inayowezesha huduma za msingi kuendelea kuandika na msimamizi kuingia na kusafisha wakati mtumiaji mmoja amejaza kila kitu. Ukiiondoa kwenye disiki ya mfumo, siku ikijaa utakuwa unasimama nje ya nyumba yako na ufunguo uko ndani. Kwenye disiki ya rekodi tu, ambayo haina mfumo, habari ni tofauti: giga 50 kwa msimamizi asiyefanya kazi hapo ni nyingi mno, na kushusha hadi asilimia 1 ni busara. Amri ni ile ile, lakini mahali ni pawili, na fundi anayeitumia kila mahali bila kutofautisha hastahili kulipwa kama fundi.

Kwa giga 7 za Windows, lawama zigawanywe. Kwenye kompyuta ya tera moja hakuna wa kulalamika. Lakini kompyuta ndogo zenye giga 32 tu za hifadhi, za namna ile inayogawiwa kwa shule au kuuzwa kwa bei ya huruma, zinapoteza zaidi ya moja ya tano ya fasi yao kwa akiba ya aina hiyo. Na akiba hiyo ni kwa ajili ya kiwanda kutuma masasisho yake. Haimlindi mwalimu anayetaka kuhifadhi matokeo ya darasa. Mwenye mashini ana haki ya kuuliza kwa nini mfumo unajua kujitengea wenyewe lakini haumsaidii yeye kutenga. Kitufe cha "shika giga 20 kwa ajili ya kazi hii" kingeweza kuwekwa karibu na kile cha kuunda folda. Hadi leo fsutil inabaki amri ya kuandikwa kwenye dirisha jeusi ambalo wafanyakazi wengi wa biro hawajawahi kulifungua. Pamoja na hayo, kuizima akiba hiyo kwenye mashini ambayo intaneti yake ni ya kununua kwa megabaiti kunaweza kuharibu zaidi: sasisho likikosa fasi linashindwa katikati, na fedha ya kifurushi imekwisha.

Kuna pia utengaji wa uongo, na huo ni hatari kuliko kutotenga. Wa kwanza ni faili lenye matundu. Mfumo unaweza kuonyesha faili la giga 100 ambalo kwa kweli limekalia megabaiti chache tu. Zile nyingine ni ahadi. Disiki za kompyuta pepe zinazokua zenyewe zinafanya hivyo. Ni mwenye mtumbwi aliyeuza tiketi 60 kwa viti 40, akitumaini kwamba wengine hawatafika. Kwenye Linux amri ya ls inaonyesha ukubwa unaodaiwa, na du inaonyesha ukubwa uliokaliwa. Anayetunza seva aziangalie zote mbili kabla ya kumhakikishia mkubwa wake kwamba mambo ni shwari. Mifumo kama Btrfs ina shida yake pia, kwa sababu inapoandika juu ya data iliyokwisha kuwapo inaandika mahali papya, hivyo faili lililojazwa mara moja halina hakika ya fasi kwa mara ya pili.

Uongo wa pili unauzwa mezani, kwa rangi nzuri. Flashi zilizoandikwa tera moja au mbili kwa bei ya sahani chache za chakula zinazunguka katika masoko ya dunia nzima, na Kivu haikusazwa. Ndani kuna giga chache tu, na kifaa kimefundishwa kuidanganya kompyuta. Hapa amri ya kutenga haisaidii kitu: mfumo unauliza, kifaa kinakubali, daftari linaandikwa giga 500 zimeshikwa, na hakuna hata moja. Dawa ni kuandika kweli na kusoma tena. Programu ya H2testw, iliyotoka kwa watu wa jarida la c't la Ujerumani, inafanya hivyo kwenye Windows, na F3 inafanya hivyo kwenye Linux. Inachukua saa nyingi. Muuzaji mwaminifu angeiendesha mbele ya mteja, au angalau angekubali kurudishiwa bidhaa kesho yake. Asiyekubali, mteja aende meza nyingine.

Hata flashi ya kweli ina kikomo ambacho wengi wanakifahamu kwa kuumia: ikiwa imeandaliwa kwa FAT32, faili moja haliwezi kufika giga 4 kamili, hata kama flashi ina giga 64 tupu. Ndiyo maana kamera nyingi zinakata video vipande vipande. Kuiandaa upya kwa exFAT kunaondoa kikomo hicho, na mifumo yote mikubwa sasa inaisoma. Microsoft ilichapisha maelezo yake mwaka 2019 na Linux ikaipokea. Ila kuandaa upya kunafuta kila kitu, na si mara moja kijana amefanya hivyo kwa haraka huku picha za mteja zikiwa bado ndani.

Umeme nao una neno lake. Kutenga fasi hakuzuii umeme kukatika, na mjini hapa unakatika. Video ya MP4 ya kawaida inaandika orodha ya yaliyomo mwishoni. Ikikatwa kabla ya hapo, iwe kwa umeme au kwa disiki kujaa, saa tatu nzima zinaweza kuwa faili lisilofunguka. MKV inavumilia zaidi, kile kilichokwisha kuandikwa kinachezeka. Anayerekodi matangazo ya moja kwa moja kwa kompyuta achague MKV, ageuze kuwa MP4 baadaye kwa utulivu. Na betri ya akiba inunuliwe kabla ya kamera ya pili.

Hilo la manunuzi linahusu zaidi wale wanaotoa fedha na wale wanaozipokea. Miradi inayosaidia redio za kijamii na hifadhi za nyaraka inapenda kununua vitu vinavyoonekana kwenye picha: kamera, maikrofoni, meza ya sauti yenye taa. Disiki haipigwi picha. Matokeo ni studio yenye maikrofoni nzuri inayorekodi kwenye kompyuta yenye giga 12 zilizobaki. Anayeandika bajeti aweke hesabu ya giga kwa saa, mara saa za kazi kwa mwaka, mara mbili kwa nakala ya pili, kama anavyoweka mafuta ya grupu. Na viongozi wa studio wampe mtu mmoja kazi ya kuangalia disiki kila Jumatatu, kwa jina, ikiwa na haki ya kumkatalia hata mkurugenzi anayetaka kuhifadhi filamu zake kwenye sehemu ya rekodi.

Kwa wapiga video wa harusi, jambo linaweza kuanza Jumamosi hii. Kabla ya kupokea malipo ya kwanza, kijana aandike kwenye karatasi ile ile ya makubaliano: saa ngapi, kamera ngapi, giga ngapi, na disiki gani itashika kazi hiyo hadi siku ya kukabidhi. Familia isaini. Akiona fasi haipo, aseme siku hiyo hiyo, wakati bado kuna muda wa kuazima disiki kwa mwenzake wa Nyawera au kupunguza ubora wa picha kwa ridhaa ya wenyewe. Baba wa bibi harusi anaweza kununa kidogo akisikia bei ya disiki, lakini atanuna nyumbani kwake, siku kumi kabla ya misa.